Aliye chini ya gogo

Mpingo ukiutupa majini unazama. Vijana wanaojifunza kwangu hapa Mwenge, Dar es Salaam, huwa nawaambia wauheshimu mti wenye uzito huo, kwani haukubali kudanganywa: tezo ikishakosea, hakuna pa kubandika.

Ninachonga ujamaa, watu waliobebana tangu chini hadi juu. Wazee wetu Wamakonde waliuita mtindo huo dimoongo. Mwanzilishi wake, Roberto Yakobo Sangwani, alivuka kutoka Msumbiji miaka ya 1950, na tulivyosimuliwa sisi, alianza kwa kuchonga mshindi wa mieleka akiinuliwa na wenzake. Siasa ya Ujamaa iliposhika kasi, jina nalo likabadilika. Chini kabisa wengi wetu huweka mzee, mhimili wa ukoo. Wazee hao nimewachonga miaka mingi, na waliuzika vizuri.

Kisha nikamfikiria dada yangu. Alitoka Newala akiwa na miaka 14, akaja mjini kufanya kazi za ndani. Mshahara wake ndio ulionisomesha mimi, ndio ulioezeka bati nyumba ya mama. Katika ukoo wetu, nani hasa alikuwa chini?

Nikachukua gogo, nikaweka msichana. Uchovu hauchongwi kwa machozi. Chozi kwenye mpingo huonekana kama kasoro ya tupa. Nilimpinda shingo kidogo tu, kama mtu aliyesikia anaitwa. Magoti nikayakaza. Vidole vya miguu nikavitawanya vikamate ardhi. Juu yake ukoo mzima: mjomba anacheka, mtoto kashika daftari, na hakuna hata mmoja anayetazama chini. Ule weupe wa nje wa mti, ambao kwa kawaida tunaukwangua wote, niliuacha mgongoni mwake, kama kanga iliyochujuka.

Mfanyabiashara mmoja alikipenda kinyago, ila akataka msichana nimgeuze mzee. Nilikataa. Mwezi ule kodi ya chumba ilinishinda, na bado naamini nilifanya sawa.

Dada alikiona Jumapili moja. Alikizunguka polepole, akapiga magoti, akaigusa miguu. Alikaa kimya muda mrefu, mkono umefika shingoni. Halafu akaniuliza:

"Mdogo wangu, huyu nani tena anamwita?"