Mjusi wa Buluu wa Kimboza

Barabara ya kutoka Morogoro mjini kwenda Kisaki hukata msitu wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru, upande wa Matombo. Msitu wenyewe si mkubwa. Ni hekta 400 hivi za miti iliyoota juu ya mawe ya chokaa, mawe yaliyoliwa na maji hata yakabaki na makali ya kukata ndala. Abiria akisinzia kidogo tu, ameshaupita. Lakini humo, na katika vipande vichache vya msitu vilivyo jirani kama Ruvu, ndimo anamoishi mjusi asiyepatikana porini mahali pengine popote duniani. Dume ana rangi ya buluu inayong'aa, tumbo la chungwa na michirizi myeusi kooni. Jike ni wa kijani kilichochanganyika na shaba. Ukimpima kutoka puani hadi ncha ya mkia, ana urefu wa karibu kidole cha mtu mzima. Wanasayansi walimpa jina la Lygodactylus williamsi mwaka 1952.

Nimezaliwa upande huo, na utotoni mwangu sikumwona mtu aliyefuga mjusi. Tulifuga kuku na mbuzi, na paka kwa ajili ya panya. Mjusi kafiri alikaa ukutani karibu na koroboi bila kualikwa. Wenzetu waliosoma chuo cha Kurani walimkimbiza kwa ufagio, kwa sababu walisimuliwa kwamba aliupuliza moto wa Nabii Ibrahim. Bibi mzaa mama hakupenda kelele hizo. "Mwacheni," alisema, "huyo anakula mbu wanaowauma ninyi." Basi ndani ya nyumba yake mjusi alikuwa na amani, ila hakuna aliyempa chakula wala maji, na hakuna aliyedhani anahitaji kupewa.

Yule wa buluu tulimkuta tulipokwenda kuokota kuni. Alikaa kwenye mikadi, ile miti yenye majani marefu kama upanga yaliyojaa miiba pembeni. Alitutazama, akatikisa kichwa juu na chini mara kadhaa kama anayekubaliana na jambo, halafu akazunguka upande wa pili wa shina. Miiba ilitosha kutuzuia tusimfuate. Kwetu alikuwa sehemu ya msitu kama walivyo mbega na hondohondo, na sikumbuki mtu mzima yeyote aliyemtaja kuwa ni mali.

Mambo yakabadilika nikiwa sekondari. Nilirudi likizo nikakuta vijana wa kijijini wana kazi mpya. Walikuja watu wenye gari, wakawa wanalipa kwa kila mjusi wa buluu aliyeletwa mzima. Fedha yenyewe ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa taslimu, na msimu huo mahindi hayakuwa mazuri. Sikuweza kuwalaumu wakati ule na siwalaumu sasa. Kilichonichoma ni namna walivyokamata. Mjusi huyu hukaa juu kabisa, kwenye taji la majani, na mtu hawezi kupanda mkadi akatoka na ngozi yake. Kwa hiyo walikata mti mzima kwa panga, ukaanguka, kisha wakapekua majani. Mkadi uliochukua miaka mingi kukua ulilazwa chini kwa ajili ya mijusi wachache.

Mjomba, aliyejua kila njia ya msitu ule, alikuwa akisema jioni, "Leo nimehesabu visiki vingine." Kijijini zilizagaa habari kwamba mijusi hao wanapelekwa Ulaya kutengenezwa dawa. Hakuna aliyefikiria kwamba kuna mtu anaweza kulipa ili amweke sebuleni amtazame.

Ukubwa wa jambo lile niliujua baadaye, watafiti walipochapisha walichokikuta. Walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji liliondoa mijusi kati ya 32,310 na 42,610, kama asilimia 15 ya wote waliokuwapo wakati huo. Na hao ni wa kundi moja. Kimboza ni hifadhi ya msitu, na kukamata wanyama humo bila kibali ni kuvunja sheria. Sheria ilikuwapo, walinzi walikuwa wachache, na mjusi wa ukubwa ule husafiri kimyakimya ndani ya mfuko wa kitambaa.

Nilimwona tena mbali sana na Matombo. Nilikwenda Ujerumani kusoma, nikapanga chumba katika nyumba ya mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote. Sebuleni kwake palikuwa na sanduku refu la kioo lenye mimea na taa juu yake. Nilisogea. Kwenye kijiti alikuwa amelala mjusi wa buluu, akatikisa kichwa juu na chini.

Nilimwambia mzee kwamba namfahamu mnyama huyu. Akajibu kwa upole kwamba anatoka Tanzania. Nikamwambia, "Anatoka kwetu. Kutoka nyumbani kwa mjomba wangu mpaka kwenye miti yake unakwenda kwa miguu." Mzee alikaa kimya kwa muda, kisha akavuta kiti, akaniomba nimweleze kila kitu: miti, mvua, joto, usiku ukoje. Alikuwa amewanunua kwenye maonyesho ya wauzaji wa reptilia. Aliambiwa ni rahisi kuwatunza, na bei yao haikumtisha. Aliwapenda kwa moyo wake wote, lakini walikuwa wanakufa. Majike ndio walioisha haraka. Miguu ilipinda, taya likalegea, na yai la mwisho likawashinda kulitoa.

Hapo ndipo simu za kwenda Matombo zilipoanza. Mzee aliuliza, mimi nikatafsiri, na mjomba akajibu akiwa kibarazani, huku majogoo wakisikika nyuma yake. Wanakunywa wapi? "Majini kwenye vikwapa vya majani ya mkadi. Mvua ikinyesha hujaa, jua likiwaka hubaki kidogo." Mzee alikuwa akiwawekea maji kwenye kibakuli chini, na hawakuwahi kushuka. Akaanza kunyunyizia majani kwa chupa ya kupulizia asubuhi na jioni, nao wakaramba matone mbele ya macho yetu. Wanakaa wangapi pamoja? "Mkadi mmoja, dume mmoja. Wa pili akija hufukuzwa." Ndani ya sanduku lile kulikuwa na madume wawili, na mmoja wao alikuwa mweusi mweusi, amejibanza kona ya chini siku nzima. Mzee alidhani ni mgonjwa. Alipohamishiwa sanduku lake mwenyewe, buluu yake ilirudi.

Jua lilikuwa jambo gumu zaidi kulieleza. Kimboza iko chini, joto lake ni la nyanda za chini, na mjusi huyu ni wa mchana. Asubuhi hutafuta jua, akishapata moto hujificha kivulini, kisha hurudi tena. Taa ya kawaida humpa joto na mwanga, lakini haitoi mionzi ya urujuanimno. Bila mionzi hiyo mwili wake hautengenezi vitamini D ya kutosha, na bila vitamini hiyo kalsiamu inayoliwa haifiki kwenye mifupa. Jike anayetaga hutoa kalsiamu mwilini mwake kwa ajili ya maganda ya mayai, ndiyo maana walitangulia wao. Mzee alinunua taa inayotoa mionzi hiyo, akaacha pembe moja ya sanduku ifike nyuzi 30 na kitu na pembe nyingine ibaki na ubaridi, na usiku akazima vyote. Chakula chao, inzi wa matunda na nyenje wachanga, alikipaka unga wa kalsiamu kabla ya kukitia ndani. Akaweka pia mimea yenye majani marefu yaliyosimama, kwa sababu nilimwambia kwamba majani ya mkadi ndiyo kitanda, ndiyo mtungi, na ndiyo chumba cha uzazi.

Hapo nikaanza kumtazama mjusi wangu wa utotoni kwa karibu kuliko nilivyowahi kumtazama msituni. Ana pedi za kunata chini ya vidole, na nyingine chini ya ncha ya mkia, hivyo anaposhuka jani linaloteleza mkia wake nao unashika. Hana kope za kufumba, hulamba macho yake kwa ulimi kuyasafisha. Ukimwekea tone la tunda lililopondwa huja kulilamba, na baada ya muda huja hata kabla hujaliweka. Lakini hapendi kushikwa. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu watoto wengi wanaoletewa mjusi hutaka kumbeba mkononi. Ngozi yake ni laini mno, mkia hukatika kwa kuogopa tu, na mshtuko humdhoofisha. Ni mnyama wa kutazamwa.

Jike mmoja aliyebaki alitaga mayai mawili, akayagandisha katikati ya majani mawili. Mzee hakuyabandua, akayafunika hapo hapo kwa kikombe chenye matundu ili wakubwa wasiwafikie watakaozaliwa. Tulisubiri kwa miezi. Mtoto wa kwanza alipotoka, mzee alinigongea mlango usiku akiwa na soksi mguu mmoja. Nilimpigia mjomba papo hapo, nikamwamsha. Akauliza swali moja: "Ana rangi gani?" Nikamwambia ni kijivu bado. "Atabadilika," akasema.

Huku nje ya sebule ile mambo nayo yalikuwa yakibadilika. Mwaka 2012 mjusi huyu aliingizwa kwenye orodha ya viumbe vilivyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya uliweka masharti ya kumwingiza katika nchi zake. Mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na mwaka huo huo, katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vya porini, mjini Johannesburg, Tanzania na Umoja wa Ulaya waliomba kwa pamoja mjusi huyu awekwe katika Kiambatisho cha Kwanza, pamoja na tembo na faru wengi, na sokwe. Ombi likapita, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya wale wanaokamatwa porini imepigwa marufuku. Mimi niliona fahari. Mnyama tuliyemkuta wakati wa kuokota kuni ametajwa mbele ya mataifa, na nchi yangu ndiyo iliyomsemea.

Kwa wafugaji maana yake ilikuwa karatasi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya mtu hawezi tena kumuuza bila cheti cha mamlaka kinachoonyesha alikotoka. Baadhi ya marafiki wa mzee walinung'unika. Yeye alitoa daftari lake la tarehe za mayai na kuanguliwa, akaandika barua kwa ofisi ya mazingira, akawaorodhesha wote. "Kama nimekula matunda ya msitu wenu," aliniambia, "basi niseme nina wangapi." Alipozeeka akahamia kwenye nyumba ya wazee, aliniachia masanduku yote na daftari lile, na barua nyingine ikaenda ofisini kueleza kwamba mtunzaji amebadilika. Wale nilionao leo ni wajukuu na vitukuu vya wa kwake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona mkadi.

Nikirudi likizo naulizwa kijijini kwa nini nisiwalete niwaachie Kimboza. Swali ni zuri, linatoka kwenye moyo mzuri, lakini jibu langu ni hapana. Mjusi aliyeishi vizazi kadhaa kwenye nyumba za Ulaya anaweza kubeba maradhi na vimelea ambavyo wa msituni hawajawahi kukutana navyo. Nisingependa kuwa mtu aliyemaliza walichoanza wenye mapanga. Inayohitaji kuongezeka kule ni mikadi. Msitu umevamiwa na sedrela, mti wa kigeni unaotoka Amerika ya kitropiki, unaokua haraka na kuinyima nafasi miti ya asili. Kuna moto wa mashamba, kuna wakata miti. Mjusi huyu hana makazi mengine ya kuhamia, kwa kuwa hauachi mkadi wake. Wale vijana waliolipwa kwa kukamata wana watoto sasa, na baadhi yao, nikiongozana nao, hunionyesha mikadi michanga iliyochipua karibu na visiki vya zamani. Wanaijua kila mmoja ulipo. Ni watu hao ambao wangepaswa kulipwa mshahara wa kuilinda, na ningefurahi kuona kila mfugaji wa Ulaya anayemfurahia mjusi huyu akichangia mshahara huo, kwa maana raha yake ilianzia kwenye mti uliokatwa Matombo.

Wapo wanaosema kufuga mjusi ni ukatili wenyewe, na kwamba ufugaji wote uachwe. Nimelifikiria sana hilo. Aliyezaliwa ndani ya nyumba, mwenye joto, mionzi, unyevu na nafasi inayomstahili, sioni dhuluma anayofanyiwa, na mafunzo yaliyopatikana kwake yamesaidia hata kumwelewa wa porini. Aliyetolewa msituni ni jambo jingine kabisa, na hakuna mapenzi ya mfugaji yanayoweza kulihalalisha.

Kwa hiyo wewe Mswahili uliyeko Berlin, London au Toronto, ukimwona anauzwa, omba karatasi zinazoonyesha alikotoka kabla hujatoa hata senti, na muuzaji asipokuwa nazo toa taarifa kwa mamlaka. Na wewe uliyeko Morogoro, Tanga au Mombasa, ukitaka mjusi nyumbani, unaye tayari juu ya ukuta wako. Mwache ale mbu. Yule wa buluu nenda ukamtazame Kimboza kwa kibali cha wenye msitu, na panga uliache nyumbani.