Nafplio: ngazi 999 na pumzi ya bwana yangu



Kwetu Katanga mtu akisema "Mugiriki", tunaona mara moja duka, mkate wa moto na samaki. Wazee wa Kasenga wanakumbuka vizuri: ni Wagiriki waliokuwa wakinunua samaki wa Luapula na kuwapeleka kwa malori mpaka Élisabethville, kusudi wafanyakazi wa migodi na watoto wao wale. Lakini kwao wenyewe kunafanana na nini? Mimi sikujiuliza hata siku moja, mpaka mwezi wa tatu wa mwaka 2025, nilipojikuta na bwana yangu ndani ya bisi inayotoka Athene kwenda Nafplio, mji mdogo kando ya bahari.

Namna gani tulifika kule? Mtoto wetu mkubwa wa kike ameolewa Athene. Mimi na baba yake tulioana mwaka 1979. Miaka 45 ilipokwisha kutimia, mtoto alitutumia tikiti za avio na maneno haya: "Muliishi maisha yote mu kambi, munatulea. Sasa mukuye mutembee sawa bantu ba ndoa mupya." Maana Nafplio, Wagiriki wenyewe wanauita mji wa wapenzi. Wale waliotoka kuoana wanapenda kwenda kule kulala siku mbili tatu.

Baba alicheka sana. Yeye alitumika chini ya udongo kule Kipushi miaka 19, mpaka mgodi uliposimama mwaka 1993. Mgodi umeanza tena kazi mwaka 2024, lakini kifua chake hakikuanza tena. Vumbi la mawe limekaa mule. Akipanda ngazi za kanisa letu, anasimama kwanza mlangoni na kujifanya anatafuta leso mfukoni. Mimi najua.

Kutoka Athene ni karibu kilometa 140, saa mbili na zaidi kidogo, barabara bila shimo (niliangalia vizuri). Katikati ya safari bisi inapita juu ya mfereji wa Korintho. Hapo bwana yangu alisimama wima kwenye kiti chake. Wamekata mawe kama vile mtu anakata sabuni kwa kisu, kutoka bahari moja mpaka bahari nyingine, kilometa 6 na zaidi, na pale penye urefu mkubwa ukuta unakaribia mita 80. Mtoto alieleza kwamba Kaisari Nero alianza kuuchimba mwaka 67, kazi ikaachwa alipokufa, na mfereji ulimalizika tu mwaka 1893.

"Na bantu ngapi balikufa mule?" Baba akauliza.

Mtoto hakujua. Kwa mtu wa mgodi, hilo ndilo swali la kwanza.

Korintho yenyewe, ile ambako Paulo alikaa mwaka mmoja na nusu akishona hema, tuliiacha kando. Baada ya pale ni bustani za machungwa, upande huu na upande ule, mpaka unachoka kuziangalia. Halafu ghafula bahari, na mlima wa mawe unaosimama juu ya mji na ngome kichwani mwake.

Mji wa zamani hauna magari ndani yake. Njia ni nyembamba, nyingine ni ngazi tupu zinazopanda kati ya nyumba. Nyumba zina roshani ndogo, na bugenvilia kama zile za Lubumbashi zinapanda ukutani mpaka gorofa ya pili. Paka wamelala kila mahali, wanene, hawaogopi mtu. Na wapenzi kweli wako wengi, wanatembea wameshikana mikono. Kwetu, munajua wenyewe, mwanaume wa umri wa bwana yangu hashiki mkono wa bibi yake njiani, anatembea mbele. Siku ya kwanza Baba alitembea mbele. Lakini uwanja mkubwa wa mji ule umetandikwa marumaru, na marumaru inateleza kama samaki. Mimi nilikuwa na viatu vyangu vya kanisa. Nilipokaribia kuanguka alinishika mkono, na siku ile hakuuachia tena. Alisema ni juu ya mawe.

Musione mji mdogo mukafikiri hauna habari. Wagiriki waliwaasi Waturuki mwaka 1821, na kutoka mwaka 1829 mpaka 1834 Nafplio ndio ulikuwa mji mkuu wa nchi mpya, mbele ya Athene. Kiongozi wao wa kwanza aliitwa Ioannis Kapodistrias, mtu wa Corfu, aliyesomea uganga na kuwa waziri wa mfalme wa Urusi. Alikuta nchi iliyochoka na vita na njaa. Kuna hadithi moja ambayo Wagiriki wote wanaisimulia, na mimi niliipenda sana kama mama wa jiko. Kapodistrias alileta viazi vya kizungu kusudi watu walime, watu wakavidharau. Basi akaamuru vimwagwe bandarini, na akaweka askari wa kuvilinda kwa bunduki. Watu wakaambiana: vitu vinavyolindwa namna hii ni vya bei kali! Usiku wakaanza kuviiba. Askari walikuwa wameambiwa wajifanye hawaoni. Ndiyo hivyo, kadiri ya hadithi, viazi viliingia mashambani.

Lakini mtu huyu alijipatia pia maadui. Alimtia gerezani mkubwa wa ukoo wa Mavromichalis, watu wa Mani, ambao hawakuzoea kuamriwa na mtu. Siku ya Mungu asubuhi, tarehe 9 Oktoba 1831, alikuwa anaingia kusali katika kanisa la Mtakatifu Spyridon. Wanaume wawili wa ukoo ule walimngojea mlangoni, mmoja na bastola, mwingine na kisu. Kanisa ni dogo, katika njia nyembamba. Ukipita haraka hutaliona. Kando ya mlango wamefunika kwa kioo alama ya risasi ukutani. Mimi nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyotaka. Kuna mama mmoja alikuja na kikapu chake cha soko, akafanya alama ya msalaba namna yao, akaingia. Kila juma, nadhani, anapita kando ya tundu lile.

Sasa niwaambie kuhusu museo, maana hapo Baba ndiye alikuwa mwalimu. Iko kwenye uwanja ule wa marumaru, katika depo ya zamani ambayo watu wa Venezia walijenga mwaka 1713. Gorofani, nyuma ya kioo, kuna vazi la vita la mtu mzima, la shaba tupu: kifua, mgongo, mabega, shingo mpaka kidevuni. Lilipatikana mwaka 1960 katika kaburi moja huko Dendra, karibu na mji. Lina zaidi ya miaka 3,400. Lina rangi ya kijani kama lile jiwe la kwetu ambalo watoto wa Likasi na Kolwezi wanaliokota njiani.

Bwana yangu alisogea mpaka pua yake ikagusa kioo. "Iyi njo shaba," alisema polepole. "Lakini si shaba tupu. Batatia na bati kidogo, kusudi ikuwe nguvu." Na ni kweli, imeandikwa pale: shaba na bati. Shaba kama ya kwetu, na bati kama lile la Manono. Kumbe wale wa zamani walizijua zote mbili! Mtoto akamwambia kwamba mwaka 2024 wachunguzi walitoa habari ya askari 13 wa Ugiriki waliovaa mfano wa vazi lile, wakafanya kazi za vita saa 11 nzima, na hawakushindwa. Baba akatikisa kichwa. "Saa 11 ndani ya shaba? Shiye tulifanyaka miaka 19, hakuna mutu alikuya kuandika."

Jioni tulikaa bandarini. Mbele yetu, katikati ya maji, kuna kisiwa kidogo na ngome yake, Bourtzi, iliyojengwa mwaka 1473. Wakati wa taa ni kizuri kabisa, wapenzi wote wanapiga picha. Zamani ndiko walikokaa wale wenye kazi ya kukata vichwa vya watu waliohukumiwa kufa, kwa sababu mjini hakuna aliyetaka kuwa jirani yao. Nilimwambia Baba, akajibu nimwache anywe kahawa yake kwa amani.

Asubuhi ya pili ikawa habari ya ngazi.

Ngome ya juu inaitwa Palamidi. Watu wa Venezia waliijenga kutoka 1711 mpaka 1714, na mwaka uliofuata tu Waturuki waliichukua. Wagiriki wenyewe waliikamata usiku wa tarehe 30 Novemba 1822. Iko mita 216 juu ya bahari, na kutoka mjini ngazi za mawe zinaipandia, zinapindapinda kwenye mlima. Watu wanasema ni 999. Ya elfu, wanasema, ilivunjwa na farasi wa jenerali Kolokotronis. Iko pia barabara ya gari, upande wa nyuma, na taksi zinapanda bila shida.

"Mi sikuye huku juu ya taksi," Baba alisema.

Mtoto alikataa kutufuata. "Siwezi kuangalia Baba anakufa ku ngazi," alisema, akaenda kukaa bandarini, amenuna. Mimi nilibeba maji na machungwa mawili. Tulipatana kwamba nitahesabu kwa sauti, kusudi yeye asiseme.

Mia ya kwanza ilipita vizuri. Kijana mmoja na mchumba wake walitupita wakikimbia. Kwenye mia mbili alitafuta leso mfukoni. Nilijifanya naangalia mapaa mekundu ya nyumba, na kweli yalikuwa mazuri. Baada ya mia tatu nilisikia kifua chake kinapiga filimbi, ile filimbi ninayoisikia usiku nyumbani, mpaka najua ni saa ngapi. Kwenye ngazi ya 342 alikaa chini. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nilimshikilia maji, hakuweza kunywa mara moja.

Sikusema kitu. Miaka 45 imenifundisha wakati gani wa kusema. Nilimenya chungwa. Chini yetu bahari ilikuwa buluu sana, na mashua moja ilikuwa inakwenda Bourtzi, ndogo kama kiberiti. Pumzi ilirudi kidogo kidogo.

"Mama."

"Abe."

"Kule chini, mashini njo ilikuwaka inatupandisha. Mashini ya kunipandisha hapa haiko." Akanyamaza. Halafu: "Ita mutoto. Alete taksi."

Wasomaji wanaume, sijui kama munaelewa neno hili lina uzito gani mdomoni mwa mtu wa Kipushi. Nilitaka kulia, lakini nilichukua ganda la chungwa, nikaliweka juu ya ukuta mdogo, na kulikandamiza kwa jiwe. Tukashuka.

Kwa taksi ni dakika chache tu. Juu ni kama mji: kuta nyingi, vyumba vya askari, matangi ya maji, na kanisa dogo la Mtakatifu Andrea, kwa kuwa ngome ilitwaliwa siku yake. Upepo ni mkali. Wanaonyesha tundu ambamo Kolokotronis alifungwa. Mzee huyu ndiye aliyewapiga Waturuki. Halafu mfalme kijana Otto, Mjerumani, aliletwa Nafplio mwaka 1833 akiwa na miaka 17, na wale waliotawala kwa niaba yake wakamshitaki mzee kwamba anataka kupindua serikali. Mwaka 1834 alihukumiwa kufa, huko mjini, katika muskiti ambao Wagiriki walikuwa wameugeuza kuwa nyumba ya bunge. Mahakimu walikuwa watano. Wawili, Polyzoidis na Tertsetis, walikataa kutia sahihi, hata askari walipowashika kwa nguvu. Mzee hakuuawa, mwaka 1835 alifunguliwa.

Mlango wa tundu lile ni mfupi, lazima uiname sana. Baba aliingia. Alikaa mule dakika moja, akagusa jiwe kwa mkono, akatoka. "Hewa ya mule naiyuwa," alisema tu.

Taksi ilikuwa inatungojea. Lakini yeye alikwenda mpaka mlango ambako ngazi zinaanza kushuka, akaangalia chini.

"Kushuka hakukatake pumuzi," alisema. "Ni magoti tu."

Basi tulishuka kwa miguu, mtoto akatangulia na taksi, safari hii anacheka. Baba alikuwa upande wa ukuta, mkono wake juu ya bega langu, na tulihesabu wote wawili kutoka juu, kila mtu kimoyomoyo. Tulipumzika mara nyingi. Tulipofika pale palipokuwa na ganda la chungwa, limekauka kidogo na jua, lakini liko, alinyosha kidole.

"Iyi njo ngazi yetu. Sasa ongeza mia tatu na makumi ine na mbili. Ulipata ngapi?"

"Mia nane na makumi saba na moya."

"Hapana. Mia nane na makumi sita na saba. Ulihesabu ile ya kuvunjika mara mbili."

Sikuihesabu mara mbili. Mpaka leo, hapa nyumbani, wageni wakituuliza habari ya Ugiriki, tunaanza tena kubishana.