Tulirudi Kwenye Hesabu ya Boriti

Mulituuliza tuwaandikie juu ya kazi yetu mupya. Wengi wanafikiri kwamba enjeniere akiisha kupata diplome yake, basi, amemaliza kujifunza. Sisi wawili tunataka kuwaeleza namna gani, baada ya miaka 5 ya kazi, tulifungua tena buku za mwanzo.

Miaka ile 5 tulikuwa watu wa barabara. Kazi yetu ilikuwa udongo mwekundu, changarawe na mifereji. Barabara inalala juu ya udongo, na adui yake mukubwa ni maji: ukiyaondoa maji, barabara inaishi. Mambo hayo tuliyajua vizuri. Halafu kazi ikaisha, feza hakuna, nasi tukapata nafasi katika ofisi ndogo ya kujenga nyumba kule Kisangani. Lakini nyumba si barabara. Nyumba haina ruhusa ya kulala. Inasimama, na watu wanakaa chini yake.

Katika ofisi tulikuta ordinatere yenye programu ya kuhesabu nyumba. Unaandika urefu, unaandika muzigo, unabonyeza, nayo inakupa jibu lenye rangi nzuri. Lakini programu haina haya. Ukiiuliza neno la upuuzi, inakujibu kwa uso ule ule. Ni nani atajua kama jibu ni la uongo? Ni yule tu anayejua mambo ya mwanzo.

Kazi ya kwanza ilikuwa hapa Yangambi, kilometre karibu 100 toka Kisangani ukishuka na muto. Munajua wenyewe nyumba za matofali za wakati wa INEAC, lile shirika la uchunguzi wa kilimo lililoanzishwa mwaka 1933. Katika nyumba moja ya zamani kulikuwa vyumba viwili na ukuta katikati. Mwenye nyumba alitaka tuuvunje ule ukuta, apate chumba kimoja kikubwa cha kufundishia. Mukubwa wetu wa ofisi akasema: “Mulete michoro kisha juma moja.” Sisi tukaomba majuma mawili. Hakufurahi. Lakini tulimwambia wazi kwamba hatuwezi kutia mukono chini ya muchoro ambao hatuwezi kuueleza toka mwanzo mpaka mwisho.

Basi tukanunua daftari kama watoto wa kalasi ya kwanza. Kila jioni, kisha kula, tulikaa na taa na kuanza: nguvu ni nini, mukono wa nguvu ni nini, kwa sababu gani boriti inapinda.

Mwalimu wetu mwingine alikuwa seremala muzee. Tulimuuliza: “Papa, kwa sababu gani unasimamisha mbao hivi?” Akacheka. Akatwaa mbao moja, akaiweka juu ya matofali mawili, akakanyaga. “Bana yangu, mukiilalisha, inapinda. Mukiisimamisha, inakatala. Mbao ni ile ile, iko moja tu.”

Usiku tukaandika neno lake kwa hesabu. Twaa mbao ya santimetre 5 kwa 15. Nguvu yake ya kubeba inafuata upana mara kimo mara kimo. Ikilala: 15 mara 5 mara 5, ni 375. Ikisimama: 5 mara 15 mara 15, ni 1125. Ni mara 3. Na kwa kukatala kupinda, kimo kinahesabiwa mara tatu, kwa hiyo ikisimama inashinda ile iliyolala mara 9. Muzee yule hakusoma hesabu hii, lakini muguu wake uliijua.

Musifikiri kwamba watu wakubwa walijua yote mara moja. Galileo wa Italia aliandika juu ya boriti katika buku yake ya mwaka 1638. Aliona vizuri kwamba kimo ndicho kina nguvu. Lakini alifikiri boriti nzima inavutwa, na kwamba inageuka juu ya ukingo wake. Hesabu yake ikaipa boriti nguvu mara 3 kupita ile iliyo nayo kweli. Ilipita karibu miaka 200 mpaka Navier wa Ufaransa, mwaka 1826, alipoeleza vizuri: upande wa juu unafinywa, upande wa chini unavutwa, na katikati kuna mahali ambapo hapavutwi wala hapafinywi. Ndiyo sababu katika boriti ya beto fero nyingi zinawekwa chini. Beto inakubali kufinywa, lakini kuvutwa haiwezi sana.

Sasa turudi kwa ule ukuta. Boriti za juu zilikuwa na metre 4 kila upande, na zilikutana juu ya ukuta wa katikati. Tuseme kila metre ya boriti inabeba kilo 200. Hesabu ya kupinda ni muzigo mara urefu mara urefu, ukigawanya kwa 8. Kwa metre 4: 200 mara 16, gawanya kwa 8, ni 400. Ukitoa ukuta na kutia boriti ya metre 8: 200 mara 64, gawanya kwa 8, ni 1600. Urefu umeongezeka mara 2 tu, lakini kazi ya boriti imeongezeka mara 4. Na kupinda kwake, kama mbao ni ile ile, kunaongezeka mara 16!

Tuliporudi kwenye ordinatere, ilitupa karibu hesabu ile ile. Siku ile tuliiamini, kwa sababu tuliweza kuipima.

Mwenye nyumba alitaka chumba kisicho na kitu katikati. Tulimwonyesha daftari, mustari kwa mustari. Mwishoni tulikubaliana: ukuta utoke, lakini nguzo mbili zisimame mahali pake, na boriti nene juu yao. Tulichimba pia musingi mupya chini ya kila nguzo, sababu muzigo ambao ukuta uliutawanya pahali pote, sasa unashuka pahali pawili tu. Alinung’unika kwamba nguzo zitawaficha wengine ubao. Ni kweli, zinawaficha kidogo. Lakini watoto wanaokaa chini ya dari lile wanarudi kwao jioni.

Basi, wadogo wetu, mwalimu wa fizika akiandika “nguvu mara mukono”, musiseme: itatufaa nini? Tazameni ule munara wa chuma katika pori letu la Yangambi, wenye metre 55, ambao tangu 2020 unapima hewa inayopita kati ya miti na anga. Upepo unaousukuma kule juu una mukono murefu sana. Walioujenga walianza na hesabu ile ile iliyo katika daftari yenu.

Na mukifika siku moja kwenye kazi musiyoijua bado, ombeni majuma mawili. Mutu hapungui kwa kurudi kalasini.

Wakubwa wenu wawili