Bagamoyo na Isnadi ya Chanjo

Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni mwendo wa kilomita 70 hivi, barabara ikifuata pwani kuelekea kaskazini. Kabla ya kuingia mjini tulizuru Kaole, penye magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya mawe. Pwani hii iliswaliwa jamaa karne nyingi kabla ya Wajerumani kutia nanga.

Mjini, kumbukumbu ya Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, ingali hai. Aliletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtoto mtumwa. Akasoma, akawa khalifa wa twarika ya Qadiriyya, akasomesha wengi hadi alipofariki mwaka 1931. Kwa masheikh wa namna yake, elimu huenda na isnadi: anayesomesha humtaja aliyemsomesha, na hakuna kiungo kinachofichwa.

Kwa fikra hiyo tulifika jirani na hospitali ya wilaya, ambako Taasisi ya Afya Ifakara ina tawi lake. Taasisi hiyo ilianza mwaka 1957 kama maabara ya Waswisi huko Ifakara, bonde la Kilombero; leo ni ya Watanzania. Watoto wa Bagamoyo na wa Korogwe walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyohusisha watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Baadaye Bagamoyo ilishiriki pia majaribio ya R21, chanjo iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oxford. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ya kwanza itumike mwaka 2021, na ya pili mwaka 2023.

Ni kheri kubwa, kwani wengi wanaouawa na malaria ni watoto wa Afrika walio chini ya miaka mitano. Hata hivyo, RTS,S ilipoanza kutolewa kwa utaratibu wa majaribio mwaka 2019, nchi zilizoanza nayo zilikuwa Malawi, Ghana na Kenya. Tanzania haikuwamo. Mzazi aliyemshika mwanawe achomwe sindano ana haki ya kuuliza: tunda la subira yetu litatufikia lini?

Mwenye fedha ndiye mara nyingi huchagua swali la utafiti, na mwenye fedha yuko mbali. Kwa hiyo, ndugu wazazi, mtafiti akibisha hodi, mkaribisheni na mumuulize. Je, ana kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu? Damu itapelekwa wapi? Nani atatuletea majibu, na kwa lugha gani? Tunaweza kujitoa tukitaka? Ridhaa isiyotanguliwa na ufahamu si ridhaa, na damu ya mtoto ni amana mikononi mwa aliyeichukua.

Kina mama wa Bagamoyo ni kiungo katika isnadi ya chanjo hii. Inapotajwa Oxford, nao watajwe.