SAFARI YA ZIWANI NA SIKU ZA AKIBA KISUMU

Mtu apatapo likizo ya wiki moja, jambo la kwanza alipangalo ni nauli. La pili ni zawadi za watu wa nyumbani. La tatu, ambalo wengi hulisahau, ni siku zenyewe. Huzihesabu kama mtu ahesabuye senti za mwisho wa mwezi, akaitoa kila moja kwa kazi yake, asibakize hata moja mkononi. Kwa aendaye kwa gari la barabarani pengine hesabu hiyo itamfaa. Kwa atakaye kusafiri ziwani haifai hata kidogo.

Maneno haya yanawahusu wale watakao kuizunguka Ghuba ya Winam, wakianzia Kisumu na kurudi Kisumu, sehemu kwa chombo cha majini na sehemu kwa nchi kavu. Shauri langu ni moja tu: weka siku mbili za kukaa mjini, moja kabla ya kwenda ziwani na moja baada ya kurudi. Nitaeleza sababu yake, kisha nitaeleza mambo ya kufanya katika siku hizo, maana si siku za kukaa bure.

Ziwa na desturi zake

Ziwa Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Eneo lake lakaribia kilomita za mraba 69,000, na sehemu ya Kenya ni kama sita tu katika kila mia. Lakini sehemu hiyo ndogo ina ghuba ndefu iingiayo bara mpaka Kisumu, na mlango wake wa kutokea ziwa kuu ni mwembamba, karibu na Mbita na kisiwa cha Rusinga.

Upepo wa huku una zamu zake. Mchana, jua lipashapo nchi kavu moto kuliko maji, upepo hutoka ziwani kuja pwani. Usiku nchi ipoapo, upepo hugeuka na kutoka bara kwenda ziwani. Wavuvi wa matanga waliijua elimu hiyo kabla ya vitabu: huondoka na upepo wa nchi alfajiri, wakarudi na upepo wa ziwa alasiri. Ndiyo maana maji ya asubuhi aghalabu ni matulivu, na ya alasiri yana mawimbi. Juu ya hayo kuna dhoruba za mvua zisizoagana na mtu, hasa katika masika ya Machi hata Mei.

Liko na jambo la pili, nalo ni magugu maji. Mmea huu ulionekana katika ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 ulifunika sehemu kubwa ya ghuba. Hauna mizizi ya kuushika ardhini, basi huenda upepo unakoupeleka. Leo gati ni jeupe kwa maji. Kesho laonekana kama shamba la majani mabichi, na mashua haziwezi kutoka.

Nilipokuwa Dunga nilimwuliza mzee mmoja mvuvi, "Mzee, kesho ziwa litakuwaje?" Akanijibu, "Kijana wangu, niulize kesho." Jibu hilo ni fupi, lakini ndilo msingi wa shauri langu.

Wala tusidhani kwamba shida hii ni yetu peke yetu. Huko Ulaya wako watu wengi wasafirio kwa meli katika mito ya Rhine na Danube. Mwaka 2018, na tena mwaka 2022, maji ya Rhine yalipungua sana kwa ukame, hata abiria wengine wakashushwa na kumalizia safari yao kwa mabasi. Kwa hiyo wenye busara miongoni mwao hufika katika mji wa kupandia meli siku moja au mbili mapema, na hukaa tena siku chache katika mji wa kushukia. Ikiwa wenye meli kubwa na vipimo vya maji hufanya hivyo, sisi wa mashua hatuna udhuru.

Stima za zamani

Wazee wetu walisafiri ziwani kwa fahari kuliko sisi, na yafaa kujua kwa nini mambo yamebadilika. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ufuo wa ziwa mwezi Desemba 1901, na mahali hapo pakaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli. Hata kabla reli haijafika, stima iitwayo William Mackinnon ilikuwa imekwisha shushwa majini mwaka 1900. Iliundwa Scotland vipande vipande, ikavushwa bahari, kisha vipande vikaletwa bara, vingine juu ya vichwa vya wapagazi. Baadaye zikaja Winifred, Sybil, Clement Hill na nyinginezo. Mwaka 1961 ikaanza kazi Victoria, ambayo nayo ililetwa vipande kwa reli kutoka Mombasa na kuunganishwa Kisumu.

Siku zile abiria aliweza kukata tikiti yake Kisumu akalizunguka ziwa zima, akipitia Musoma, Mwanza, Bukoba na bandari za Uganda, hata akarejea alikotoka. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli ziligawanywa. Victoria ikawa mali ya Tanzania, na baada ya matengenezo makubwa ilirudi kazini mwaka 2020 kati ya Mwanza na Bukoba. Kenya ikabaki na Uhuru, meli ya kubeba mabehewa, ambayo ilirudishwa kazini mwaka 2019 kupeleka mafuta Port Bell. Hiyo ni meli ya mizigo. Basi mtu asifike Kisumu akitumaini kukata tikiti ya kuzunguka ziwa lote kama babu yake. Safari iliyo karibu na uwezo wetu ni ya ghuba na visiwa vyake, nayo inatosha kwa likizo moja.

Hesabu ya siku

Kwanza, chagua majira. Mkulima hupata nafasi Agosti, mavuno ya masika yakiisha kuingia ghalani, au Januari na Februari, kabla ya kupanda. Majira hayo yote yanafaa, kwa kuwa masika yana dhoruba na barabara za ufuoni huwa na matope.

Siku ya kwanza ni ya kufika Kisumu, na siku ya pili ni ya kukaa mjini. Siku ya tatu, ondoka mapema kwa njia ya Bondo. Njiani usiache kuliona jabali la Kit Mikayi, kisha endelea mpaka Luanda Kotieno, ambako kivuko huchukua watu na magari kuvuka mlango wa ghuba mpaka Mbita, mwendo wa karibu saa moja. Lala Mbita.

Siku ya nne ni ya Rusinga. Kisiwa hiki kimeunganishwa na Mbita kwa daraja lililochukua mahali pa tuta la zamani, ambalo lilikuwa limeziba mkondo wa maji. Hapo ndipo alipozikwa Tom Mboya, aliyezaliwa mwaka 1930 na kuuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Watu wengi wamelisikia jina lake shuleni au wameliona kwenye barabara, lakini kusimama kaburini pake ni jambo jingine. Huyu alikuwa kijana wa kazi ya afya katika mji wa Nairobi kabla ya kuwa kiongozi wa wafanyakazi, na safari za ndege alizosaidia kuzipanga tangu mwaka 1959 ziliwapeleka vijana wetu wengi katika vyuo vya Marekani. Katika kisiwa hichohicho, mwaka 1948, Mary Leakey alivumbua fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi miaka kama milioni 18 iliyopita. Kisiwa kidogo, habari kubwa.

Siku ya tano ni ya Mfangano, kwa mashua kutoka Mbita, yapata saa moja na nusu kama maji ni mema. Wenyeji wake ni Abasuba, ambao wengi wao leo husema Kijaluo kuliko lugha ya mababu zao, na wameanzisha makumbusho yao ili mambo ya kale yasipotee. Kwenye mapango ya kisiwa mna duara za rangi nyekundu na nyeupe zilizochorwa na watu wa zamani sana. Ukibahatika kulala huko usiku wa kiza, tazama ziwani: wavuvi wa omena huwasha taa zao ili kuwavuta samaki, na ziwa lote hufanana na mji.

Siku ya sita rudi kwa nchi kavu kupitia Homa Bay na Kendu Bay. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la maji ya chumvi liitwalo Simbi Nyaima. Wazee husimulia kwamba palikuwa na kijiji ambacho watu wake walimfukuza bikizee aliyewaomba hifadhi usiku, na kijiji kikazama na karamu yake yote. Msafiri ahadithiwapo kisa hicho huelewa kwa nini hupewa kiti na chakula kila aendako katika nchi hii.

Siku ya saba ni ya kukaa Kisumu tena, na ya nane ni ya kwenda nyumbani. Hiyo ya saba ndiyo siku ya akiba. Upepo ukikufunga Mfangano, ndiyo utakayoilipa. Usipokufunga, ni faida yako.

Siku za mjini

Siku ya kwanza ya mjini anzia makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Mna boma la Kijaluo lililojengwa kwa desturi yake: nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, inatazamana na lango, na nyumba za wake wengine zimepangwa kwa kulia na kushoto. Hapo ndipo utakapolielewa jabali la njia ya Bondo, maana Kit Mikayi ni jiwe la mke wa kwanza. Mtu alionaye jabali bila kwanza kuliona boma huona mawe tu. Hii nayo ni sababu ya kutoukimbilia kivuko siku ya kufika.

Alasiri nenda Dunga, kilomita chache kusini mwa mji, penye wavuvi na mafunjo. Huko utakula ngege au mbuta kwa ugali, na huko ndiko utakakopata habari za kweli za upepo na magugu kuliko mahali pengine po pote. Fanya urafiki na wavuvi. Watakuambia chombo gani ni kizima na nahodha gani hana haraka.

Siku ya pili ya mjini, ikiwa ni Jumapili, soko la Kibuye litakutosha. Watu husema jina la Kisumu latokana na mahali pa kubadilishana vyakula zamani, na ukiona mtama, samaki wakavu, vyungu na nguo katika uwanja mmoja, huna haja ya kubishana nao. Nunua zawadi zako siku hiyo, wala si mwanzo wa safari, usije ukabeba mzigo visiwani bure.

Tahadhari

Nimeacha sababu iliyo kubwa mpaka sasa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimejaza watu kupita kiasi. Miongoni mwa abiria wa chombo kilichojaa, wengi huona kwa macho yao kwamba kimejaa. Hupanda kwa sababu kesho ni kazini, au ni soko, au fedha ya kulala imekwisha.

Basi siku ya akiba si anasa. Mwenye siku moja zaidi na fedha ya chakula na malazi ya siku hiyo anaweza kusimama gatini, akakitazama chombo, na kusema, "Hiki sipandi, nitangoja cha kesho." Asiye nayo hana uhuru huo. Kwa hiyo gawa fedha yako mafungu matatu: nauli, malazi na akiba, na lile la akiba lishone mfukoni, usiliguse kwa zawadi wala kwa soda.

Uendapo gatini, nenda asubuhi. Hesabu watu. Omba jaketi la kujiokoa na ulivae, usilikalie kama mto. Mashua ikiwa na mawimbi yanayolamba ukingo kabla haijang'oa nanga, shuka, hata kama umekwisha lipa. Nauli iliyopotea hupatikana mwezi ujao.

Nchi yetu ni nzuri, na haitupasi kuiona tu tunapokwenda kuzika. Lakini aende kwa nafasi yule aendaye, naye atarudi na habari za kuwasimulia watoto wake mwenyewe.