Kadi isiyoomba mchango

Hebu fanya jaribio dogo wikiendi hii. Tia kadi kwenye bahasha nyeupe, andika jina la shangazi yako kwa mwandiko wa kuringa, mpelekee nyumbani. Uwe Likombe, uwe Magomeni au Chuno, jibu ni lile lile. Hata kiti hujapewa, mtu keshashika kifua: "Haya, nani tena anaoa?" Bahasha itasukumwa nyuma ya vikombe kabatini bila kufunguliwa, na ukitoa mguu tu shangazi atamwambia mumewe kwamba mtoto wa kaka kaleta bili.

Mimi simlaumu hata chembe. Kadi mjini kwetu imekuwa kama hati ya kuitwa mahakamani. Kuna ya harusi, ya kumuaga binti, ya kipaimara, ya ngoma ya kumtoa mwali, na kila moja ndani ina jina la mweka hazina, namba ya simu ya kurushia pesa, na kiwango: singo kiasi hiki, dabo kiasi kile. Ikifika Oktoba minada ya korosho ikaanza, watu wakijua Wanamtwara wameshika noti, ndiyo usiseme. Zinamwagika! Siku hizi hata karatasi hakuna, inakuja picha kwenye WhatsApp, imeandikwa jina lako kwa maua ya dhahabu, na kamati inaona kabisa kwamba umeshaifungua. Utakimbilia wapi?

Basi mimi kibarua changu cha pembeni, ukiacha hili la kuandika, ni kutengeneza kadi ambazo haziombi kitu. Pole, hongera, Idd njema, Krismasi njema, nakukumbuka, nisamehe (hizi zinatoka sana, wanunuzi wengi ni wanaume). Nilianza nilipomaliza kidato cha nne, ajira hakuna, kijiweni nimechoka kuhesabu bajaji zinazopita. Mtaji wangu ulikuwa manila moja, mkasi wa mama na mfuko wa masalia niliopewa na fundi cherehani wa mtaani ambaye alikuwa anataka kuyachoma moto.

Kwa wale mnaopenda kujua mambo yanavyokwenda, sikiliza. Manila ikiwa ya ile saizi ya A1, unaipiga mara nane unapata A4 nane. Kila A4 unaikata katikati, unaikunja, tayari una kadi 16 za kuingia kwenye bahasha ya kawaida ya barua. Usikunje kwa pupa! Pitisha kwanza kalamu iliyokwisha wino kwenye mstari, kwa kutumia rula, ndipo ukunje na kukandamiza kwa mgongo wa kijiko. Usipofanya hivyo manila inapasuka nyuzi pale kwenye mgongo, na kadi inaonekana imetoka kwenye vita. Bahasha nazo wala zisikusumbue. Chukua moja ya zamani, ibandue taratibu kwenye maungio, itandaze, huo ndio mchoro wako wa kukatia nyingine maisha yako yote.

Gundi ya dukani ni pesa, na huku kwetu muhogo tunao. Unga wake unaukoroga kwenye maji ya baridi kwanza, halafu unauweka motoni ukikoroga bila kuacha mpaka ule weupe utoweke uwe kama ute. Paka nyembamba. Ukipaka nyingi karatasi inajikunja, na usiku mende wanaifanyia karamu. Inakaa siku mbili hivi, ikianza kunuka mwaga.

Juu ya manila ndipo masalia yanapoingia. Kitenge, kanga, batiki, utepe uliofungia zawadi ya mtu, shanga za mkufu uliokatika. Mimi napenda zaidi maganda makavu ya mgomba. Unayabandua kwenye shina, unayafuta vumbi, unayalaza chini ya kitu kizito yanyooke, na rangi unapewa bure, kuanzia ya maziwa mpaka ya kahawa. Kadi za maganda ya mgomba zinauzwa kwa watalii kuanzia Uganda mpaka Dar es Salaam, zenye mama kajitwika mtungi. Mimi mama na mtungi simweki, mpaka anatia huruma kwa kutembezwa! Naweka mashua, mkorosho, bodaboda kapakia watu wawili. Angalizo tu kwa watu wa pwani: yakaushe haswa, la sivyo joto na unyevu wa huku vitaleta ukungu ndani ya wiki.

Kuna washikaji wananicheka kwamba hii ni kazi ya watoto wa chekechea. Nawaambia wamuulize Edward Saidi Tingatinga. Yule mzee alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini humu humu, akaenda Dar kutafuta maisha, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama kwenye vipande vya mbao laini za kujengea, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, hata miaka 10 ya uchoraji hakufikisha, na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima. Masalia hayo!

Na hao Wazungu wenyewe walioanzisha kadi za Krismasi hawakuwa na makubwa. Mwaka 1843 pale London kuna bwana mmoja, Henry Cole, barua za salamu zilimzidi, hana muda wa kujibu. Akamwomba rafiki yake mchoraji, John Callcott Horsley, achore picha moja, ikapigwa chapa nakala kama 1,000, ikapakwa rangi kwa mkono, zilizobaki zikauzwa shilingi moja moja. Yaani biashara yote hii imetokana na mtu kukwepa kuandika! Mimi namheshimu zaidi binti wa miaka saba wa Chekoslovakia, Jitka Samkova. Baada ya vita kuu ya pili UNICEF walipeleka msaada kijijini kwao, naye akachora watoto wanacheza, juu ya kipande cha kioo, kusema asante. Mwaka 1949 picha hiyo ikawa kadi ya kwanza ya UNICEF.

Sasa utaniuliza, simu zote hizi, nani anataka kadi ya mkono? Jibu ni mwanafunzi wa bweni. Shuleni simu marufuku, ukikamatwa nayo ni kasheshe. Kwa hiyo mwezi wa mtihani kadi za kuwatakia heri ndizo zinazonilipa, wazazi wanakuja mmoja mmoja. Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mpaka leo nyumbani kwetu halijaisha vizuri.

Mwaka 2022 mdogo wangu wa kike alikuwa kidato cha nne, bweni, upande wa Masasi, kilomita kama 200 kutoka hapa. Mwezi Agosti bibi yetu akafariki. Bibi ndiye aliyemlea yule binti tangu akiwa mchanga, alikuwa anamwita "mume mwenzangu" kwa utani wao wenyewe. Wazee wakakaa kikao, wakaamua mtoto asiitwe wala asiambiwe, atachanganyikiwa, mtihani ni Novemba, ataambiwa akirudi. Msomaji unajua mambo haya, huenda hata kwenu yametokea. Mimi sikuulizwa, na kwa umri wangu nisingeulizwa.

Oktoba ikafika, mama akaniambia, "Mwanangu, mtengenezee mwenzio kadi ya mtihani, tutie sahihi wote kama kawaida." Hiyo "kama kawaida" ndiyo iliyonimaliza nguvu. Kwa sababu bibi hakujua kuandika, na katika kila kadi niliyowahi kumtumia mdogo wangu, bibi alikuwa anachovya dole gumba kwenye wino wa muhuri na kuligandamiza pembeni, halafu anacheka kwamba amesaini kama Bwana Shauri. Binti akifungua kadi, kitu cha kwanza anachotafuta ni lile dole.

Nikamweleza mama. Akanyamaza. Mjomba aliyekuwa pembeni akasema hilo si tatizo, "Tia lako, dole gumba ni dole gumba, mtoto ataangalia alama za vidole kama polisi?" Nikasema shikamoo yako mjomba, nakuheshimu, lakini hilo mkono wangu haufanyi. Akachukia. Akasema ninataka mtoto afeli. Mama naye akasema nisipotia dole atajua, nikitia atakuja kutuchukia baadaye, basi bora kadi isiende kabisa. Na mwenzetu akikaa kule bila kadi wakati wasichana wote wa bweni wanazipata, atafikiri nini? Hapo ndipo tulipokwama siku tatu.

Nguo za bibi zilikuwa zimeshagawiwa ndugu baada ya arobaini. Mama alipata kanga yake moja ya bluu, imechakaa, pindo limechanika. Nilimwomba kipande cha kiganja cha mkono pale palipochanika. Hakunijibu, aliingia ndani akarudi na mkasi. Nikakishona kwenye kadi kwa uzi mweupe, sikukibandika kwa gundi, pale pale pembeni ambapo dole lilikuwa linakaa. Nikaandika mtihani mwema, majina yetu, basi. Nikamkabidhi konda wa basi pamoja na sabuni na sukari.

Alirudi mwisho wa Novemba. Mitihani yote alifanya. Mama alikuwa ameandaa maneno, na shangazi wawili wameitwa wamsaidie kuyasema, ila binti alitua begi mlangoni akawasalimia wote shikamoo, akamuuliza mama, "Bibi mmemzika wapi?" Kumbe alijua tangu siku ile alipoiona ile kanga. Alilia usiku mmoja, rafiki zake wakakesha naye, asubuhi akaingia darasani. Mpaka leo mjomba anasema nilicheza kamari na maisha ya mtoto. Mdogo wangu anasema afadhali kujulishwa na kanga kuliko kudanganywa na dole. Na kwa kutoitwa mazishini hajawasamehe wazee, na hilo amewaambia usoni. Kadi anayo, mimi sijaomba kuiona tena.

Tangu hapo wateja wangu wamekuwa wa aina nyingine. Watu wanakuja na mfuko wa plastiki wameufunga fundo, ndani kuna ukosi wa shati, kipande cha sare ya shule, kofia ya mtoto. Wengine wananieleza ni ya nani, wengine hawanielezi. Bei haibadiliki, elfu mbili na bahasha juu yangu.

Juzi kaja dereva bodaboda mmoja, anataka kadi ya kumpelekea binti wa Shangani ambaye hajamsemesha hata siku moja. Jina lake lisiwepo. Kaniletea masalia ya koti lake la kung'aa usiku, anataka nikate umbo la pikipiki. Nimemwambia pikipiki sawa, lakini bila jina dada wa watu atajuaje ni yupi kati ya bodaboda mia za kituoni? Kaenda kufikiria. Wakati huo nimeshalijaribu lile koti: gundi ya muhogo haishiki plastiki hata uombe dua, kwa hiyo itabidi nishone, na ameitaka Ijumaa.