Gundi yangu mwenyewe

Najua nimepotea. Sikusafiri wala sikuumwa, ila kompyuta ya chumbani kwetu iligoma, na leo acha niseme ukweli: niliyeiua ni mimi.

Mnaijua ile ya mezani, ya mtumba, tuliyochanga watatu bumu lilipotoka. Semista iliyopita kile kichuma chenye mapezi kinachopoza chipu ya kadi ya video kilidondoka, gundi ya kiwandani ilikuwa imekauka. Rumeti wangu walikuwa darasani. Nikachukua supaglu ya kubandikia kandambili, nikakirudishia, nikajiona fundi. Sikumwambia mtu.

Juzi naandika ripoti ya fildi, kioo kikajaa mistari, halafu giza. Supaglu inashika kweli, ila joto haipitishi vizuri, na mimi niliipaka nene juu ya mabaki ya gundi ya zamani. Muda wote huo chipu ilikuwa inaungua taratibu. Rumeti mmoja anawasilisha kwenye semina Ijumaa, akaanza kumlaani aliyetuuzia. Nikanyamaza. Nikashindwa, nikasema.

Kimya jamani! Mwishowe yule anayesoma Kemia akaniambia, "Haya dada, weka chini hiyo bisibisi." Kumbe nilikuwa nayo mkononi. Ukikinyanyua kichuma upande mmoja kwa nguvu, chipu inaweza kupasuka, basi tena.

Tukachomoa kadi, tukaifunga vizuri kwenye mfuko wa plastiki, tukaomba nafasi kwenye friza ya mama wa kantini, jirani na barafu za ukwaju. "Wanangu, huyu naye samaki gani?" Baada ya kama saa moja nikakizungusha kidogo kidogo, kulia, kushoto. Gundi ikipata baridi kali inakuwa rahisi kuvunjika. Tak! Roho ikarudi.

Ukabaki ukoko. Kwenye kichuma tulitumia dawa ya kutolea rangi ya kucha, ile yenye asetoni, inalainisha supaglu. Kwenye kadi hatukuisogeza, maana asetoni inakula plastiki. Huko ni kukwangua polepole kwa kadi ya plastiki, kisha kufuta kwa spiriti na kitambaa laini. Kisu marufuku, kinachimba. Ile ya kiwandani ndiyo ilitutesa, jioni nzima!

Kadi ilipokauka kabisa tukapaka gundi maalumu ya kupitisha joto, tabaka jembamba tu, kazi yake ni kuziba vinafasi visivyoonekana. Tukaiacha ilale usiku mzima.

Imewaka! Ila yule wa semina bado ananijibu "sawa" tu. Nimemwachia kompyuta mpaka Ijumaa, ripoti yangu naimalizia kwa mkono hapa maktaba.

Haya, nawahi kipindi. Na wewe uliyebandika kitu kimyakimya huko chumbani kwenu, sema mapema. Tuko pamoja.